Wilfred Hataki Povu

Ukitaka kumuudhi Noreen Tattersall, mwambie gari lako umeliosha. Atakuuliza umeliosha au umelipangusa, na kabla hujajibu atakuwa ameshainama kando ya boneti, jicho moja kafumba, anaitazama rangi kwa upande ambao mwanga unaipiga. Hapo utasikia "Mh." Wenye magari mjini Haslow waliiogopa ile "Mh" kuliko barua ya benki. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alifikia hatua ya kuegesha gari lake mtaa wa pili kila akienda kumtembelea mama yake, maana mama yake alikuwa jirani ya Noreen.

Kazi yake ilikuwa kuosha magari ya nyumba ya mazishi ya Bamber. Magari yenyewe mawili tu, meusi yote, la maiti na la wafiwa, lakini anayejua rangi nyeusi anajua kwamba gari moja jeusi ni kazi ya manne meupe. Jeusi halifichi siri. Ukilipitishia kitambaa chenye chembe moja ya mchanga, mchoro utabaki pale mpaka kiama, na siku jua likitoka, wafiwa wamesimama hawana pa kutazama, watatazama hapohapo.

Hakuzaliwa anayajua hayo. Alikuwa mshonaji wa mapazia kiwandani, kiwanda kikafungwa, akaja kwa akina Bamber kufagia ofisi na kupika chai. Mwezi wake wa pili kazini, Wilfred Ogden, dereva mkuu na muoshaji wa magari, alikamatwa na mgongo, na Noreen kwa wema wake akajitolea kuosha gari la maiti. Akachukua sabuni ya vyombo. Akachukua na sponji ya vyombo, ile yenye upande mgumu! Akasugua kwa duara, kwa nguvu zote, kama anayesugua sufuria iliyoungua wali, akasimama pembeni anajipongeza.

Wilfred alirudi siku ya tatu, kapinda mgongo, mkononi kikombe cha chai. Hakupiga kelele. Alimshika bega akampeleka penye jua.

"Tazama boneti. Unaona nini?"

Noreen akaona duara, mamia ya duara, zimeingiliana tangu taa hadi kioo.

"Umeandika jina lako juu ya gari la marehemu," Wilfred akasema. "Marehemu ana safari moja tu, Noreen. Hatapata nyingine akapande gari zuri zaidi. Sheria yangu ni moja: usikwaruze. Mengine yote tutabishana."

Na kweli walibishana, miaka ishirini na mbili. Wilfred alimfundisha ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia glavu ya manyoya. Alimfundisha kuosha kwa mistari iliyonyooka, kuanzia juu, na magurudumu yawe na glavu yake peke yake. Alimfundisha kwamba kitambaa kikianguka chini kimekufa, hakirudi tena kwenye rangi. Mwanafunzi akaiva, akaanza kumsahihisha mwalimu, na mwalimu akawa ananuna na kufurahi kwa wakati mmoja.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa povu. Noreen alikwenda maonyesho ya magari ya zamani huko bondeni, akaona vijana wanafunga chupa ya sabuni kwenye bunduki ya mashine ya kuoshea kwa presha, wanafyatua, gari linavikwa povu zito jeupe hadi halionekani. Wanaliacha dakika tano, wanasuuza, na uchafu unashuka nalo kabla mkono haujagusa rangi. Alinunua chupa palepale. Wilfred alipoiona mara ya kwanza aliweka chini mkate wake wa nyama ya nguruwe, jambo ambalo hakulifanya hata siku king'ora cha moto kilipolia.

"Unaosha gari au unapamba keki?"

"Linalainisha uchafu, mzee."

"Linalainisha ubongo wako! Hebu liguse sasa. Limekuwa safi?"

"Sijasema linakuwa safi. Linaondoa mchanga. Baada ya hapo unaosha kwa ndoo kama kawaida."

"Kwa hiyo unaosha mara mbili. Mama Povu weee! Na kesho uoshe mara tatu, basi, tujue moja."

Jina la Mama Povu likamganda. Lakini mjue, Noreen hakuwa mtu wa kushabikia kitu kwa sababu kinapendeza macho. Alilipima povu lake miaka tisa. Wakati wa kiangazi, gari likiwa na vumbi la siku mbili tu, hakulitumia, na alikuwa wa kwanza kusema kwamba hapo ni mbwembwe na kupoteza dawa. Juani halifai kabisa, linakaukia juu ya rangi na kuacha madoa. Kwenye matope ya kale yaliyoganda chini ya madigadi halifui dafu. Ila majira ya baridi, halmashauri ikishamwaga barabarani chumvi na mchanga wake wa kuyeyusha barafu, alisema hivi na hakuna aliyemtoa hapo: mtu anayegusa gari jeusi bila kuliloweka kwanza, huyo hana huruma.

Wilfred aliendelea kucheka. Hata alipougua, mwezi wa kwanza, kaja gerejini kuaga bila kusema anaaga, kakaa kwenye benchi lake na blanketi magotini, alirudi palepale.

"Siku yangu ikifika, Mama Povu, usinipake lile lipovu lako. Niahidi."

"Nakuahidi. Ondoka hapa, unanizibia mwanga."

Alisema hivyo kwa mzaha, kwa sababu alikuwa anaogopa kulia. Wiki tatu baadaye Wilfred akafa, na ile ahadi ya mzaha ikakaa kifuani mwa Noreen ikawa nzito kama jiwe la kusagia.

Mazishi yalipangwa Ijumaa, saa tano asubuhi. Alhamisi gari la maiti lilikuwa na kazi upande wa pili wa mlima, likarudi alasiri huku theluji inaanza na lori la chumvi limelitangulia njia nzima. Noreen alitaka kulisuuza jioni ileile, lakini maji yalikuwa yanaganda yakigusa chuma, na ukiosha gari kwenye barafu ya namna hiyo unatafuta balaa. Akaliacha ndani ya gereji. Akapanga kuja alfajiri, akaenda kulala, hakulala.

Saa kumi na mbili na nusu alifungua geti akaikuta taa inawaka. Clifford Bamber, mwenye kampuni, alikuwa gerejini kavaa mabuti ya mpira, mikono ya shati kaikunja, amelowa hadi kiunoni, anasugua mlango wa nyuma wa gari. Mkononi alishika sponji ya zamani ya Wilfred, ile ya njano iliyotundikwa msumarini miaka yote hakuna anayeigusa. Clifford alikuwa mtu wa miaka hamsini, wa kutangulia majeneza kwa miguu na kofia ndefu na fimbo, na hakuna aliyewahi kumwona ameshika ndoo.

"Umewahi," akasema Clifford, macho mekundu. "Leo pumzika, Noreen. Leo linaoshwa kizee, kama alivyotaka mwenyewe. Ndoo na sponji. Hakuna povu."

Noreen alichukua tochi rafuni akaipitisha kwenye mlango wa nyuma, karibu na rangi, kwa mshazari. Halafu ubavuni, mkono wa kushoto. Mikwaruzo ilikuwa imepangana kama mistari ya daftari, mirefu, myeupe, kila mahali sponji ilipopita.

"Clifford. Ulilimwagia maji kwanza?"

"Nimelimwagia. Ndoo mbili nzima. Mpira wa uani umeganda, nimeyachota jikoni."

"Ndoo mbili."

"Na nusu. Wewe vipi? Mzee hakutumia zaidi ya ndoo mbili maisha yake yote, nimekua ninamwangalia!"

"Ulikuwa unaangalia ndoo!" Noreen akapaza sauti, na hakuwahi kumpazia sauti mwajiri wake. "Ndoo ilikuwa mwisho wa kazi! Kabla ya ndoo alisimama na mpira wa maji, dakika ishirini, wakati wa chumvi dakika arobaini. Anamwaga kidogo kidogo, anavuta kiko, anamwaga. Nyie wote mlidhani anapumzika. Alikuwa analoweka! Hakugusa gari mpaka mchanga wote umeshuka. Wewe umechukua chumvi ya mlima mzima ukamsugulia nayo."

Clifford aliitazama sponji. Akaigeuza. Upande wa chini ulikuwa wa kijivu, una chembe zinazometa kwenye mwanga wa tochi. Akakaa kwenye benchi la Wilfred.

"Nilitaka kumfanyia kitu kwa mikono yangu," akasema. "Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha. Baba hakuwa na subira na mimi."

Hasira za Noreen zikaisha hapohapo. Utamgombezaje mtu kama huyo? Alimletea taulo, akawasha birika, akarudi kwenye gari kufanya hesabu ya saa, maana kulia kungesubiri. Mikwaruzo ya mlango na ubavu haikuwa imefika chini, polishi na mkono vingeitoa, lakini ingemla saa nzima au zaidi. Gari lilitakiwa litoke saa nne na robo. Sehemu yote iliyobaki, paa, boneti, ubavu wa kulia, bado ilikuwa imevaa chumvi kavu. Mpira wa Wilfred umeganda. Dakika arobaini za kuloweka kwa maji matupu hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni mashine ya presha iliyolala ndani kwenye stoo, bomba la ndani, na chupa ya povu.

Akaitoa chupa. Clifford akainuka.

"Noreen, hapana. Ulimwahidi. Mimi nilikuwepo, nimesikia kwa masikio yangu."

"Najua ulikuwepo."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hebu tumuulize Bi Edna. Mume ni wake."

Saa moja kamili, Clifford akapiga simu kwa mjane, akaweka sauti juu. Edna Ogden alipokea mara moja, ilionekana naye hakulala. Clifford alieleza akizungukazunguka, mara mpira umeganda, mara chumvi, mara marehemu alisema hivi, hadi Edna akamkatiza.

"Clifford Bamber, miaka arobaini na minne nimekula chakula cha jioni na ndoo mbili mezani. Mwanamume hawezi kula pai yake mpaka amalize habari za povu la Noreen. Leo ninamzika, na wewe unanipigia kuniuliza mambo ya sabuni?"

"Samahani, Bi Edna. Ni kwamba..."

"Nipe Noreen."

Noreen akasogea. "Nipo, Edna."

"Ulimwahidi hutatumia?"

"Nilimwahidi."

"Basi hilo lenu nyie wawili, mimi simo. Mimi nataka mume wangu apande gari safi." Simu ikakatika.

Noreen alikuwa ametumaini kwamba Edna angemwambia tumia, au angemwambia usitumie, vyovyote vile angeubeba yeye mzigo. Sasa umerudi kwake wote. Ukivunja neno la mtu aliye hai, utamwomba radhi. Ukivunja la maiti, utamwomba nani? Na ukilitunza, ukampeleka Wilfred Ogden kanisani ndani ya gari lenye mistari, mji mzima umesimama, madereva wenzake wa miaka arobaini wamejipanga!

Akazungusha chupa kwenye bunduki mpaka ikakaza.

"Sikiliza, Clifford. Wilfred aliniambia mambo mawili. Mwaka wa kwanza aliniambia nisikwaruze. Mwezi uliopita akaniambia nisitumie povu. Leo siwezi kumtii yote mawili, na lile la kwanza hakulisema kwa kucheka. Wewe nichemshie maji tulegeze koki ya ndani iliyoshikwa na barafu, kisha ukae mbali na gari langu."

Clifford akaenda kuchemsha maji.

Noreen alianza chini, kwenye vizingiti ambako chumvi ni nene, akapanda milangoni, kwenye boneti, akamalizia paani. Povu lilikaa zito, halikukimbia. Gereji ikawa kimya, inasikika michirizi tu. Dakika ya pili povu lilikuwa jeupe bado. Dakika ya tatu likaanza kubadilika, mistari ya kijivu ikashuka mlangoni polepole, na chini kwenye saruji ukaanza kukusanyika mchanga, mchanga hasa, wa kuonekana kwa macho. Clifford alichutama akaugusa kwa kidole. Akausikilizia kati ya kidole na dole gumba.

"Huu wote ulikuwa juu yake?"

"Nusu yake umeshaisugua wewe."

"Nisamehe, Noreen."

"Nitakusamehe Jumatatu. Lete taulo kubwa."

Dakika ya tano akasuuza, kutoka juu kushuka. Hakuacha hapo. Akavuta ndoo zake mbili, akachovya glavu, akaosha gari zima kwa mistari iliyonyooka, taratibu, anasuuza glavu kila baada ya mstari mmoja, hivyohivyo alivyofundishwa. Wale wanaodhani povu linaosha gari wangejifunza hapo: povu lilifanya kazi ya mpira wa Wilfred, kazi ya mkono ikabaki kwa mkono. Glavu ilipita boneti yote, na alipoitazama haikuwa na chembe hata moja. Akaijua kazi yake ni nzuri, hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Ubavu wa kushoto ulimtii, mlango wa nyuma ulimtesa. Alipaka polishi, akasugua kwa kitambaa laini, akafuta, akamulika, akapaka tena. Bega liliwaka moto. Saa nne kasoro dakika kumi mistari ilikuwa imekwisha ila mmoja, mfupi, karibu na kitasa. Akasugua huo peke yake hadi saa nne na dakika tano, akiusemesha maneno ambayo hayasemwi kwenye nyumba ya mazishi. Ukatoka. Akabadilisha viatu, akavaa koti lake jeusi, akapanda mbele pamoja na dereva, kwa sababu siku hiyo alikuwa mfiwa pia.

Nyumbani kwa akina Ogden, mtaa mzima ulikuwa nje. Theluji ilikuwa imekatika na jua la baridi limetoka, lile jua la chini, kali, lisilo na adabu, linaloonyesha kila kitu. Noreen alishuka akasimama ukutani, mikono mifukoni, anaomba lijifiche. Madereva wazee, wanne au watano, walikuwa wamesimama kando ya gari. Mmoja wao aliinama kidogo, akafumba jicho moja, akatazama boneti kutoka upande wa jua. Akainuka. Akavua kofia.

Edna alitoka akiwa ameshikwa mkono na dada yake. Alisimama mbele ya gari, hakulitazama jeneza kwanza, alitazama mlango. Kofia yake ilikuwa imekaa upande. Akaiona mle ndani ya rangi kama kwenye kioo, akaachia mkono wa dada yake, akainua mikono yote miwili akaiweka sawa, taratibu, akaingiza na nywele zilizochomoza. Watu walisubiri. Alipomaliza akageuka akamtafuta Noreen kwa macho.

"Umetumia povu?"

Alikuwa na sauti ya kusikika mtaa mzima, Edna. Clifford, na kofia yake ndefu mkononi, aliangalia chini. Noreen angeweza kusema lolote, na hakuna ambaye angejua.

"Nimetumia, Edna."

"Alisema utatumia." Edna alimsogelea. "Usiku wa mwisho pale hospitali. Nikamwambia, Wilf, mtoto wa watu amekuahidi, muachie. Akacheka, akakohoa. Akasema, 'Yule hanisikilizi linapokuja suala la gari. Ndiyo maana ninalala usingizi.'"

Noreen hakuwa amelia wiki nzima, si hospitali, si gerejini. Alilia pale, mbele ya madereva na majirani, kwa sauti, na Edna akamshika yeye badala ya yeye kumshika Edna. Halafu mjane akampa leso, akamwambia ajifute vizuri, kwamba nafasi yake si pale ukutani bali ndani ya gari la wafiwa, karibu naye. Clifford alivaa kofia, akatangulia mbele kwa miguu, na magari yakaanza kumfuata polepole kuelekea kanisani.